Chumvi ya Mektilda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Juni imeshika Ipuli, mjini Tabora, na Swaumu Sabiri ameshaweka mikono kwenye sinia. Anakanda donge la rangi ya udongo mkavu: karanga zilizotwangwa, maziwa ya unga na asali mbichi. Jiko lake liko pembeni, limejaa majivu ya jana. Halitawashwa.

"Hii haitaki moto," anasema bila kuinua kichwa. "Inataka baridi. Jua likishapanda, asali inaregea, halafu kashata inakutoroka mkononi."

Ndivyo zinavyoitwa hapa mtaani, kashata baridi. Kashata za kawaida huchemshiwa sukari. Hizi karanga zake hukaangwa siku moja kabla, na baada ya hapo moto hauna kazi tena. Donge hulazwa kwenye sinia, hugandamizwa kwa kiganja, huachwa saa nzima chini ya dirisha, kisha hukatwa vipande sitini. Kabla ya kisu, juu hunyunyizwa chumvi ya punje kubwa.

Hapo kwenye chumvi ndipo mikono ya Swaumu inaposimama.

Ana kibakuli cha chumvi ya Uvinza mbele yake. Anachota kwa vidole vitatu, anarudisha. Anachota tena. Anaangalia dirishani, kama mtu anayengoja mwenzake amwambie endelea.

Mwenzake alikuwa Mektilda Anton, jirani wa ukuta mmoja, mwenye nusu ya biashara hii na chumvi yote. Alifariki Mei mwaka jana akiwa na miaka 53, baada ya kuugua presha na figo. Swaumu ana miaka 56. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo Swaumu hakuwahi kutia chumvi hata siku moja.

"Mimi donge, yeye chumvi," anasema. "Hatukuandikiana. Ilitokea tu, ikawa sheria."

Ukitaka kujua habari za wawili hawa, usimuulize Swaumu peke yake. Muulize Magreth, anayeuza mboga nyumba ya tatu, na ambaye hakuna sufuria inayofunuliwa Ipuli asijue kilichomo. Magreth ameingia bila hodi, ameshika mafungu mawili ya matembele ambayo hakuna aliyeyaagiza.

"Mwangaluka," anasalimu kwa Kinyamwezi, kisha anajivutia kigoda. "Unaandika habari za wake wenza? Andika vizuri. Wageni wote waliohamia huku walijua hawa wameolewa na mume mmoja. Wanaitana mke mwenza asubuhi mpaka jioni, wanagombana kama wake wenza, halafu wanakula sahani moja. Sasa mume yuko wapi? Watu wakamtafuta mume mpaka wakachoka."

Swaumu anacheka kidogo. Ni mara ya kwanza asubuhi hii.

Asili zao zilikuwa mbali. Swaumu ni wa zile familia za Kiislamu za Tabora mjini ambazo mababu walifika na misafara kutoka Manyema, wakaweka mizigo chini, hawakuibeba tena. Mektilda alizaliwa Kigwa, kwenye reli, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki wa Kinyamwezi. Akiwa msichana wa miaka kumi na mbili, akipasua kuni za kukaushia tumbaku, shoka lilimkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kilibaki nusu.

Mkono huo ndio uliotia chumvi miaka yote. Vidole vitatu, kimoja nusu.

Walianza na kashata za kawaida, wakiuza stesheni kwa abiria wa treni za Kigoma na Mwanza. Sukari ilipopanda na mkaa ukaifuata, Mektilda alikumbuka kwamba shemeji yake Kasimiri anarina asali msituni, na kwamba bibi yake alikuwa akiwakandia karanga kwa asali bila kuwasha moto. Karanga wakawa wanaagiza kutoka kijiji cha Puge.

Chumvi iliingia kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza Swaumu aliligeuzia donge juu ya mfuko aliodhani ni mtupu. Ulikuwa umebebewa chumvi. Upande mmoja wa kashata ukang'ang'aniwa na punje.

"Nilitaka kutupa," anakumbuka Swaumu. "Nikasema basi, tumeshapata hasara. Yeye akaokota kimoja, akatia mdomoni, akanyamaza. Mektilda kunyamaza si jambo dogo. Akaniambia, 'Acha wewe, mke mwenza. Usitupe kitu.' Treni ya Kigoma ilipoondoka siku ile hatukubaki hata na makombo."

Tangu hapo hawakuacha. Chumvi wakaichagua ya Uvinza, ile ile ambayo zamani ilipita Tabora vichwani mwa wapagazi. "Babu zangu waliibeba bila kuionja na kashata," Mektilda alikuwa akiwatania wateja. "Ninyi mnaipata kwa mia mbili, halafu mnaomba punguzo."

Namna yake ya kutia chumvi ilikuwa hivi. Alinyunyiza safu moja, akakata kipande cha pembeni, akaonja. Akishatosheka alinyunyiza safu inayofuata, akaonja tena. Siku ya mvua aliongeza. Asali ikiwa ya maua ya mti wa mtundu alipunguza. Sinia moja ilimgharimu vipande vitano au sita, na Swaumu alikuwa akimwambia kwamba biashara yao ina panya mkubwa.

Ramadhani ilipoingia, kazi haikubadilika kwa sababu mwonjaji hakuwa Mwislamu. Kwaresma ilipoingia, Mektilda aliacha vitamu vyote siku arobaini, na hapo Swaumu ndiye aliyeonja. Alikaa karibu akisema "ongeza" au "basi", na mkono wa mwenzake ukafuata.

"Yeye alinionjea mimi, mimi nilimwonjea yeye," anasema. "Kwa miaka mingi miezi hiyo haikugusana."

Halafu ikaanza kusogeleana mwaka hadi mwaka, na mwaka jana ikagongana kabisa. Ramadhani na Kwaresma zilikwenda pamoja Machi nzima, na nyumba ya kashata ikabaki bila ulimi.

Swaumu anafuta mikono kwa kanga, anakaa. Hii ndiyo sehemu ambayo hajawahi kuimaliza bila kusimama.

"Nilimwambia tufunge kazi mwezi mmoja. Akakataa. Ramadhani ndiyo tunauza, watu wanafuturu nazo. Nikamwambia basi nitaweka ncha ya ulimi niteme, masheikh wanasema mpishi akihitaji anaruhusiwa. Akanikatiza. Akasema, 'Wewe funga vizuri, usianze kutafutatafuta mlango. Mimi nimeshaongea na padri, amenipa ruhusa. Kazi ni kazi.' Nikaamini. Mektilda hakuwa muongo."

Mwezi mzima sinia zilitoka. Mwezi mzima Mektilda alikaa pembeni ya dirisha, akanyunyiza, akakata cha pembeni, akapeleka mkono mdomoni, akatikisa kichwa kwamba sawa.

"Siku zile, tuseme kweli," anadakia Magreth, "mlikuwa mmevurugikiwa. Nilinunua vya mia nne. Kimoja kitamu, cha pili chumvi tupu kama nimelamba jiwe la chumvi la ng'ombe. Tukasema hapa mtaani, hawa wamegombana, kila mmoja anatia chumvi ya hasira."

"Magreth."

"Nasema tu. Mteja ana haki ya kusema."

Wiki moja baada ya Idi, miguu ya Mektilda ilivimba. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Pasaka aliipitisha wodini. Mei akaondoka.

Kwenye msiba, wakiwa wamekaa kwenye mkeka, ndipo binti yake Levina alipomwambia Swaumu jambo ambalo halikuwahi kuvuka ule ukuta. Mama alikuwa na kadi ya kliniki ya presha. Alikuwa nayo miaka sita. Siku chache kabla ya Ramadhani ile daktari alimkataza chumvi kabisa, hata ya kwenye mboga.

"Alisema kwa wema tu, mtoto wa watu, alikuwa anasimulia ugonjwa wa mama yake," anasema Swaumu. "Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilihesabu. Sinia moja vipande sita. Siku moja sinia mbili. Siku thelathini. Nikaona ni mimi niliyemlisha. Nilifunga Ramadhani yangu kwa figo za mwenzangu."

Magreth anachambua matembele yake, jani moja moja.

Swaumu alimuuliza daktari. Akajibiwa kwamba ugonjwa ule ulikuwa umeshafika mbali, na kashata hazikuamua lolote. Alimuuliza ustadhi wa msikitini. Akajibiwa kwamba hana dhambi kwa lile asilolijua. Aliwashukuru wote wawili, akarudi nyumbani na hatia ile ile.

Zamani walitoa sinia kumi na mbili kwa wiki. Sasa zinatoka mbili, wiki nyingine hakuna. Ramadhani ya mwaka huu hakutengeneza hata kipande. Wateja wa stesheni wanauliza, wanaonja, wanasema kwa adabu kwamba ni nzuri lakini si zile.

Naye anajua kwamba si zile, kwa sababu anazo zile.

Chini ya kitanda ana kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Baada ya msiba alikuta humo vipande saba vya sinia ya mwisho waliyoitengeneza pamoja, siku mbili kabla ya Idi. Hakuvitupa. Kila alipojaribu kutia chumvi mwenyewe, alikikwangua kimoja kwa wembe, akaweka unga ule kwenye ulimi, akalinganisha.

"Karanga imeshachacha, hiyo naijua, naiacha," anasema. "Asali haiozi. Chumvi haiozi. Nilikuwa natafuta chumvi."

Saba vikawa vinne. Vinne vikawa viwili. Leo ndani ya kopo kimebaki kimoja.

Na leo kinahitajika. Agosti, maonyesho ya Nanenane yanafanyika kwenye viwanja vya hapa hapa Ipuli, mwendo wa miguu kutoka kwenye sinia yake. Afisa biashara mmoja wa mjini alionja kashata hizi zamani, akazikumbuka, akamwambia Swaumu atatafutiwa meza iwapo zitakuwa kwenye pakiti iliyoandikwa vilivyomo. Akamwachia fomu. Karanga, gramu ngapi. Maziwa, gramu ngapi. Asali. Chumvi.

Visanduku vitatu vimejazwa. Cha nne kiko wazi tangu Aprili. Fomu inarudishwa keshokutwa.

"Ningeandika nini? Vidole viwili na nusu?"

Saa mbili kasoro, Levina anafika. Ni mwalimu wa shule ya msingi Kigwa, ana miaka 29, na ana mabega ya mama yake, Magreth anamtangazia kila aliyemo. Amekuja na mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Magreth, mpe kiazi kile."

Levina anakula kiazi amesimama, kisha anasogea kwenye kibakuli cha chumvi. Anakunja kidole cha kati mpaka kiungo cha katikati, anachota chumvi kwa mkono ule, anaimwaga kwenye mizani. Gramu nne. Anarudia. Gramu sita. Anarudia. Gramu tano.

"Mkono wa mama ulikuwa hivi?"

"Mama yako hakukikunja," anasema Swaumu polepole. "Kilikuwa kifupi."

Analeta kopo. Anakitoa kipande cha mwisho, kigumu kama kokoto, anakigawa kwa kisu na kumpa Levina nusu. Wanaweka ulimini kwa pamoja.

Levina anakunja uso. "Mbona ni chumvi tupu?"

"Hicho ndicho kinachonimaliza," anasema Swaumu. "Cha juzi kilikuwa hakina chumvi kabisa. Cha kabla yake kilikuwa sawa. Sinia moja, siku moja, mkono mmoja, na havifanani. Nimejua ulimi wangu mimi ndio uliokufa. Mektilda hakuwahi kutoa sinia ya namna hiyo. Angeionja, angeijua."

Levina anaweka nusu yake mezani. Anakaa kwenye kigoda cha Magreth, ambaye ameinuka mwenyewe bila kuombwa.

"Mama mkubwa," anasema, "kuna kitu sikukwambia. Siku tunagawa nguo zake, aproni yake ile ya bluu ilikuwa na vitu mfukoni. Nikatoa. Zilikuwa kashata, vile vya pembeni vyembamba. Vingi, vimeshikana. Nikajua alikuwa anakula kwa siri, wakati ameshakatazwa. Nilimkasirikia, mama mkubwa. Amelala kaburini na mimi namkasirikia. Nikavitupa jalalani, sikumwambia mtu, nisimwaibishe."

"Vilikuwa vimeumwa?"

"Nini?"

"Vilikuwa na alama ya meno, Levina? Hata kimoja?"

Binti anafikiri. Nje kuna mtu anapita na baiskeli yenye madumu, yanagongana.

"Hapana," anasema. "Vilikuwa vizima."

Swaumu anashusha mikono mapajani.

"Basi hakuonja," anasema. "Mwezi mzima hakuonja. Alipeleka mkono mdomoni ili mimi nione, halafu akatia mfukoni. Hakwenda kwa padri, hakuomba ruhusa ya mtu. Alifunga Kwaresma yake, akamsikiliza daktari wake, na akanifanya mimi nifunge nimetulia. Alitia chumvi kwa kubahatisha."

"Ndiyo maana kimoja kilikuwa jiwe la ng'ombe," anasema Magreth kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana."

Wanalia wote watatu, bila kelele, kila mmoja akiangalia upande wake. Levina anamlilia mama aliyemkasirikia mwaka mzima kwa kosa ambalo hakulifanya. Swaumu anajifuta uso kwa ncha ya kanga, anajifuta tena.

"Sikumlisha," anasema. Anarudia, kama anayejifunza kutamka. "Sikumlisha."

Mwanzoni huenda ikaonekana kama mzigo umetuliwa. Umetuliwa kweli, lakini kuna mwingine umebaki chini yake. Ikiwa vipande vile saba vilikuwa vya kubahatisha, basi hakuna popote duniani palipobaki kipande chenye chumvi ya Mektilda. Alichokuwa akikitunza chini ya kitanda na kukikwangua kwa wembe hakikuwa nayo. Ile yenyewe iliishia kwa abiria wa stesheni, ikateremka Urambo, Kaliua, Kigoma.

"Nimemtafuta mahali ambapo hakuwepo," anasema Swaumu.

Jua limeanza kuingia dirishani. Donge halingoji msiba. Likipata joto litaregea. Levina ndiye anayeinuka kwanza. Ananawa mikono, anasogeza sinia mahali penye kivuli, anapima kibakuli cha chumvi kwenye mizani.

"Tufanye yetu, mama mkubwa. Wewe tia, mimi nionje. Ukifunga Ramadhani ijayo, uonje kwa ncha ya ulimi uteme, kama ulivyotaka. Mimi Kwaresma nitaacha nyama, vitamu nitaendelea kuvionja. Mtu asije akamficha mwenzake tena."

"Na shule?"

"Jumamosi nipo. Treni ipo, basi lipo."

Swaumu anachota chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hairudishi kibakulini. Ananyunyiza safu ya kwanza, anakata cha pembeni, anampa Levina, naye anatafuna taratibu huku Magreth akinyoosha mkono kudai chake.

"Ongeza," anasema Levina.

Anaongeza.

"Kidogo tena."

"Mwanangu, hii ni kashata, si dagaa."

"Ongeza, mama mkubwa. Haya. Basi."

Safu zote zikiisha, wanapima kibakuli tena kujua chumvi iliyotumika kwa sinia nzima. Zimepungua gramu kumi na nne. Swaumu anaomba kalamu, anaweka fomu juu ya goti, na kwenye kisanduku cha nne anaandika 14 kwa tarakimu kubwa kupita kisanduku chenyewe.

Mpango wake ni pakiti mia tatu kwa ajili ya Nanenane. Zikiisha, anataka kurudi stesheni kila siku ya treni kama zamani. Kwenye pakiti kuna nafasi ya jina la bidhaa, na hapo wanabishana: Levina anataka liwe Mektilda, Swaumu anataka liwe Mke Mwenza, Magreth anasema wakiandika Mke Mwenza wanaume wataogopa kununua.

Swaumu anaonja vipande vitatu vya sinia mpya, kimoja baada ya kingine, akiwa amefumba macho.

"Si chumvi ya mama yako," anamwambia Levina.

Anameza.

"Lakini vyote vinafanana."